Ulanzi wa Bama

Asubuhi ile Enoki alikuwa anagema ulanzi, pombe ya mianzi.

Alikuwa amechuchumaa katikati ya mianzi, kofia imelowa mpaka inammwagia maji mgongoni, kisu kidogo mkononi, ulimi umechungulia pembeni mwa mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Akakata ncha ya chipukizi, kipande chembamba tu, akaipuliza, akaiinamisha kwenye mdomo wa mbeta, kile kikopo cha mwanzi cha kukingia. Akafunga kwa kamba ya gome, akafunika kwa jani ili mvua isiingie. Halafu akahamia chipukizi la pili. Mtu wa Njombe angepita pale angesema, "Kamwene, mgema," angeomba la kuonja, angeendelea na safari yake.

Shida ni kwamba pale hapakuwa Njombe. Palikuwa Bama, ng'ambo ya Uhindi, mwaka ule wa arobaini na nne, kwenye bonde lenye matope mpaka magotini na ruba mpaka kwapani. Bunduki ya Enoki ilikuwa imeegemea mwanzi karibu na mkono wake, na mbele huko, ndani ya msitu ule usiokwisha, walikuwa Wajapani.

Shida ya pili ilimtisha kuliko Wajapani. Shida ya pili ilikuwa Koplo Lukas.

"Anakuja?" Enoki aliuliza bila kugeuka.

"Bado," alisema Festo aliyekuwa analinda. "Anasali. Leo kaanza na wagonjwa, akitoka kwa wagonjwa anakwenda kwa wajane, halafu kwa mfalme. Tuna nafasi."

Festo alikuwa Mkinga wa Makete, mfupi, mdomo haukai. Ndiye aliyeileta fikra ile mbaya tangu mwanzo.

Sasa, kwa nini askari mzima wa Keya, jeshi la Mwingereza, aliyekwishapigana na Wajapani vilima vitatu, amwogope koplo kwa sababu ya vikopo vya mianzi? Ilikuwa hivi.

Kwao Njombe, Enoki alikuwa mgema wa kusifiwa. Ulanzi wake ulikuwa mtamu, hauumizi kichwa, na msimu wa mvua watu walikuwa wanaukatia njia katikati ya mashamba ya wenzao ili wafike kwake mapema. Siku moja akapeleka mitungi yake Makambako, pale malori yanaposimama kabla ya kushika barabara ya Njombe, ndipo akamkuta Esteria anapakia maharage ya baba yake. Akamsalimia. Esteria akamtazama toka juu mpaka chini.

"Kaka," akasema, "kofia yako inanuka kilabu."

Enoki hakulala vizuri tena tangu siku hiyo.

Lakini baba yake Esteria alikuwa Mzee Yonathani, mzee wa kanisa, mtu ambaye hata maziwa yakiganda aliyaangalia kwa mashaka. Enoki alipokwenda kujieleza, mzee hakumkaribisha ndani. Alimweka kwenye kigoda nje, kwenye baridi, Lukas kaka yake Esteria akiwa amesimama mlangoni kama shahidi wa baraza.

"Mimi binti yangu haendi kwa mgema," alisema mzee.

"Mzee, nitaacha kunywa."

"Sikusema kunywa. Kunywa mtu huteleza siku moja, akatubu. Kugema ni kazi. Mtu anaamka alfajiri, ananoa kisu, anakwenda na akili zake zote. Nimesema kugema."

"Basi sitagema, Mzee. Sitagusa mbeta."

"Lukas, umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Ndipo vita ikaja kuita vijana, na karani wa kuandikisha, ambaye hakuwa na habari na mambo ya watu, akawatia Enoki na Lukas katika platuni moja. Siku lori linaondoka Makambako, Esteria alikuja kuaga. Akamkumbatia kaka yake, akampa Enoki mkono kwa sababu watu walikuwa wanatazama.

"Mimi sitauliza umeua Wajapani wangapi," alimwambia. "Mkirudi, nitamuuliza kaka kitu kimoja tu. Nikiridhika, njoo na wazee wako."

Enoki akaapa moyoni. Na kweli, Mombasa hakugema. Seiloni, walikokaa miezi wakijifunza vita ya msituni, aliona wagema wa kule wakitembea juu ya kamba hewani, kutoka mnazi huu kwenda mnazi ule, vyungu vinaning'inia kiunoni, akageuza uso haraka kama mtu aliyemfuma mkwewe anaoga. Lukas alimwona akigeuza uso. Usiku ule, kwa mara ya kwanza, alimgawia sukari yake.

"Asante, shemeji," alisema Enoki.

"Usiniite shemeji. Bado."

Halafu wakaja Bama, na Bama ni mianzi. Mianzi vilimani, mianzi mabondeni, mianzi minene kama paja. Na mvua inanyesha ile ile ya kwao, ya machipukizi, ukungu asubuhi, matone mchana, ukungu tena. Enoki alikuwa akitembea doria huku vidole vinajikunja vyenyewe.

"Mimi sisemi unywe," Festo alimnong'oneza. "Nasema tujue tu. Mwanzi si ni mwanzi? Siku moja wajukuu watauliza, babu, mianzi ya Bama inatoa? Utawaambia nini, hujui?"

Enoki alikataa. Akakataa tena. Mara ya tatu akaomba kuazima kisu.

Platuni yao ilikuwa juu ya kilima kidogo, inalinda njia ya nyumbu waliobeba chakula. Wajapani walikuwa mbele, kila mtu alijua hivyo. Walikuwa wanarudi nyuma wakipigana. Nyuma ya kilima kulikuwa na kijito na mianzi mizuri, ya aina nyembamba inayofanana kidogo na ya kwao, na huko hakuna aliyekuwa anaangalia sana. Huko ndiko Enoki alikofungua shamba lake. Alikuwa anakwenda asubuhi na jioni, kama inavyotakiwa, kunoa ncha. Kilichotoka kilikuwa kidogo mno, chepesi, kinafanana na maji yaliyosuuza chungu. Lakini mgema hakati tamaa mapema. Mlanzi mwingine una aibu mwanzoni.

Basi asubuhi ile, alipomaliza chipukizi la pili na kuhamia kwa jirani, akasimama ghafla.

"Festo."

"Mm?"

"Tumeibiwa."

Festo alikuja mbio. Machipukizi manne ya upande wa kijito yalikuwa hayapo. Siyo ncha, yote, yamekatwa shinani. Na mbeta moja imekwenda nayo.

Hapa ndipo walipokosea, na kosa lile lingeweza kufanywa na watu wa kwetu tu. Askari wa kwingine akiona msitu umekatwakatwa nyuma ya kambi yake, atajiuliza nani kapita hapa, atakwenda kumwambia mkubwa wake. Lakini mtu aliyekulia kwenye milanzi ana adui wa aina moja tu, mwizi wa ulanzi. Walikwishaliona jambo hili tangu wakiwa watoto. Haikuwapitia kabisa kwamba linaweza kuwa jambo jingine.

"Ni Agustino," alisema Enoki.

"Agustino yule Mpangwa? Wa platuni ya pili?"

"Juzi alinipita akasema, mbona unanukia nyumbani? Pua ile! Mtu ametoka Mlangali mpaka huku, ameniona nanuka nyumbani!"

"Lakini huyu hana hata adabu," Festo alisema akiinama kutazama shina. "Mwizi wa kweli anakunywa, anarudisha mbeta mahali pake, akiwa na haya anakubakizia. Huyu amekata chipukizi zima! Ale nini, jani?"

"Mchana tunamvizia."

"Tunamfanya nini tukimkamata?"

"Tunamfunga kamba, tunamtembeza mbele ya platuni yake."

"Na Koplo Lukas akiuliza nani kafungwa, kwa kosa gani?"

Enoki akafikiri. "Tutamfunga kimya kimya," akasema.

Mchana, baada ya kusafisha silaha, Enoki alikwenda kwa Lukas akasimama wima. Lukas alikuwa amekaa kwenye ukingo wa handaki anawagawia watu vidonge vya njano vya malaria, anamwangalia kila mmoja mpaka ameze.

"Koplo, mimi na Festo tunaomba kwenda kukata mianzi ya kuezekea handaki."

"Handaki lako linavuja?"

"Linavuja sana, Koplo."

"Nendeni. Msikawie. Na chukueni bunduki."

Wakachukua bunduki. Wakateremka, wakajilaza ndani ya kichaka juu kidogo ya kijito, wakajifunika majani. Festo alikuwa na kamba tayari. Ruba mmoja akampanda Enoki shingoni, hakumtoa, kwa jinsi alivyokuwa na hasira na Agustino.

Haukupita muda mrefu, majani yakasogea. Siyo mbele. Nyuma yao.

"Mmesahau panga," ilisema sauti ya Koplo Lukas.

Alikuwa amesimama pale na panga lenyewe mkononi. Amelileta kwa wema wa moyo wake. Watu wanakwenda kukata mianzi, hawana panga, amewahurumia. Akawatazama walivyolala. Akatazama kamba ya Festo. Halafu macho yake yakapanda polepole, yakaiona mbeta ya kwanza inaning'inia na kifuniko chake cha jani, na ya pili, na ya tatu.

"Enoki."

"Koplo."

"Kile ni nini?"

"Ni... mwanzi, shemeji."

"Usiniite shemeji!" Lukas alisogea, akafunua jani, akanusa. Uso wake ukawa wa Mzee Yonathani kabisa, mpaka makunyanzi. "Umegema."

"Haitoi kitu, Koplo. Kweli kabisa. Onja."

"Sijakuuliza kama inatoa."

"Koplo, ni mimi nilimwambia..." Festo alianza.

"Wewe nyamaza. Wewe hukuahidi mtu." Akamgeukia tena Enoki, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia kuliko ya mtu aliyekasirika. "Mwaka mzima nimekuangalia. Mwaka mzima! Seiloni nilisema moyoni, huyu kijana amebadilika, nitakwenda kumwambia dada yangu. Sasa nitakwenda kumwambia nini?"

Kabla Enoki hajajibu, chini kwenye kijito mwanzi ukalia *ko*, kama unaokatwa.

Macho ya Festo yakang'aa. "Ndiye huyo!" akanong'ona. "Koplo, lala chini, tafadhali, mwizi anakuja. Utamwona mwenyewe."

Lukas alilala. Siyo kwa sababu ya mwizi, ni mazoea tu ya askari anaposikia kitu. Wakachungulia wote watatu.

Mtu mmoja alikuwa anapanda toka kijitoni, ana gunia begani.

"Mbona Agustino kapungua," Festo alisema, kisha mdomo wake ukabaki wazi.

Maana mtu yule alikuwa na kofia yenye vitambaa vinavyoning'inia masikioni. Na viatu vyake vilikuwa vile vya mpira, dole gumba limekaa chumba chake, vidole vingine chumba chao. Nyuma yake akatokea wa pili. Na nyuma ya wale wawili, kwenye kijito chenyewe, mstari mzima wa watu wanatembea ndani ya maji bila sauti, na katikati yao wanne wamebeba bombomu, ile bunduki kubwa ya kumimina risasi, imefunguliwa vipande vipande. Walikuwa wanazunguka kilima. Wangetokea nyuma ya platuni, juu ya njia ya nyumbu, watu wetu wakiwa wamekaa wanakunywa chai na migongo yao imeelekea huku.

Lukas akamgusa Festo begani, akaonyesha juu ya kilima kwa kidole. Festo akaondoka kwa tumbo, haraka kama mjusi, wala hakuacha hata jani linatikisika. Ndiyo mara pekee ambayo Enoki alimwona Festo akikaa kimya muda wote huo.

Wakabaki wawili. Mwenye gunia alikuwa amesogea karibu sasa. Alikuwa kijana, mwembamba vibaya, mashavu yameingia ndani, rangi imekuwa ya njano kwa homa. Akainama, akakata chipukizi, akalimenya haraka haraka, akalitia mdomoni bichi. Akakunja uso kwa uchungu wake, akaendelea kutafuna. Kumbe hakuwa mwizi wa ulanzi. Alikuwa na njaa tu.

Ndipo akaiona mbeta.

Akaishika. Akafunua jani, akanusa. Akaiinua akanywa. Na Enoki, Mungu amsamehe, pale pale na kidole kwenye kifyatulio, akajikuta anasubiri. Mgema yeyote anaijua ile hali, mteja wa kwanza ameinua kata, wewe unamtazama koo.

Kijana yule akatema. Akasema neno moja fupi. Halihitaji mkalimani.

Enoki aliumia, ukweli usemwe.

Lakini kijana hakuirudisha mbeta. Akaitazama ile ncha ya chipukizi ilipokatwa. Ilikuwa mbichi, nyeupe, bado inatoa machozi, ya asubuhi hiyo hiyo. Taya likaacha kutafuna. Akainua macho polepole kichakani, moja kwa moja, yakakutana na macho ya Enoki.

Lukas alipiga kwanza.

Baada ya hapo hakukuwa na mpangilio. Risasi zikaja toka kijitoni kama mtu amemwaga mawe juu ya bati. Mianzi ina maji ndani ya pingili zake, na kila ikipigwa inapasuka kwa kishindo na kuruka maji, kwa hiyo huwezi kujua ipi ni bunduki na upi ni mti. Majani yakanyesha. Enoki alipiga, akafungua, akapiga. Pembeni yake akasikia Lukas anasema "Aa," kama mtu aliyekumbuka kitu, akatazama, akaona paja la suruali yake limekuwa jekundu.

"Koplo!"

"Siyo sasa. Angalia pale." Lukas aliuma meno. "Wanaifunga bombomu. Wakimaliza kuifunga, Festo na wenzake wakiteremka, watakufa wote pale kwenye mteremko. Una bomu la mkono?"

"Ninalo moja."

"Tupa."

"Haliwezi kupita, Koplo. Mianzi imebanana, litagonga litaturudia."

"Basi lisogeze."

Kulisogeza kulimaanisha kuteremka. Na msitu ule ulikuwa umefungamana, mtu hawezi kupita bila kukata. Lakini Enoki alikuwa na kijia chake. Ndiyo, kijia cha mgema. Alikuwa amekipunguza miiba na vijiti ili apite asubuhi na jioni bila kuchanika, kinateremka toka mbeta hadi mbeta mpaka ukingoni mwa maji. Akajitupa humo kifudifudi, matope mdomoni, akateleza kuliko alivyotambaa. Juu yake risasi zilikuwa zinakata mbeta zake moja moja. Alipofika ile ya mwisho alisikia watu wanasemezana, haraka, karibu kabisa, chuma kinagonga chuma. Akachomoa pini, akalisukuma lile bomu chini ya majani kwa mkono wa chini chini, kama anayevingirisha yai, akafukia uso matopeni.

Dunia ikaruka.

Halafu, toka juu ya kilima, ikaja breni ya platuni, *ta-ta-ta, ta-ta-ta*, na juu ya breni ikaja sauti ya Festo, maana kimya chake kilikuwa kimekwisha, anawatukana Wajapani kwa Kikinga, Kiswahili, na Kiingereza alichojifunza kwa sajini. Watu walimiminika na singe mbele. Wajapani hawakungoja. Waliokuwa wazima walishika kijito, wakapotea na maji.

Enoki alirudi juu kumchukua Lukas, akambeba mgongoni. Mtu mzito, mifupa mirefu, na njia nzima anatoa amri.

"Shika mti. Siyo huo. Huo una miiba."

"Nimeuona, Koplo."

"Umeuonaje na wewe umeukamata?"

Njiani wakampita yule kijana. Alikuwa amelala chali kando ya gunia lake. Gunia lilikuwa limefunguka, machipukizi yamemwagika, na katikati yake ipo mbeta iliyoibiwa usiku. Alikuwa ameisuuza vizuri. Enoki akasimama kidogo na mzigo wake mgongoni. Lukas hakumharakisha. Enoki akasogeza kofia ya yule kijana kwa ncha ya kiatu, taratibu, ikamfunika uso, wakaendelea.

Juu ya kilima, Bwana Luteni, mkubwa wa platuni, alikuja amefurahi, matope mpaka kwenye nyusi.

"Kazi nzuri sana! Wangetukuta kama kuku. Sasa niambieni, mlijuaje watapita kule?"

Festo akatazama mawinguni kama anayesubiri ndege. Enoki akatazama viatu vyake. Lukas alikuwa kwenye machela, paja limefungwa.

"Askari Enoki aliona machipukizi yamekatwa, bwana," alisema Lukas. "Akaona afadhali apavizie."

"Macho mazuri hayo!" Bwana Luteni alimpiga Enoki begani. "Wanakula machipukizi, hawana chakula kingine. Nitapeleka jina lako juu." Akaondoka zake.

Enoki akachuchumaa kando ya machela. "Asante, Koplo. Asante sana."

"Ya nini? Sikusema uongo hata neno moja."

"Ndiyo maana nashukuru. Na kwa Esteria utasema hivyo hivyo?"

Lukas alimtazama. Haikuwa sura ya ugomvi. "Bwana Luteni aliuliza mlijuaje. Esteria hatauliza mlijuaje, Enoki. Ataniuliza kama uligema."

"Utamwambiaje?"

"Unanijua."

"Mwambie basi haikutoa kitu!"

"Nitamwambia uligema, haikutoa kitu, na ulinibeba mgongoni."

"Anza na mgongoni!"

"Nitaanza na alichouliza."

Wabeba machela wakafika, wanne, wakainama kushika mipini. Lukas akanyanyua mkono wangoje kidogo.

"Sikiliza. Mguu huu watanipeleka nao hospitali Uhindi, halafu meli, halafu treni, halafu lori. Nitachukua miezi. Karatasi inakwenda haraka kuliko kiwete. Mwambie wewe, kabla hajaniuliza mimi. Akilisikia kwako ni neno moja. Akilisikia kwangu ni neno jingine."

Wakamnyanyua. Walipokuwa wanashuka kilima bado alisikika akiwaambia waangalie mawe.

Jioni Enoki alikaa kwenye handaki, ambalo kweli lilikuwa linavuja, na ile karatasi nyepesi ya barua ya ndege magotini. Shule ya misheni ilikuwa imemfundisha mwandiko mzuri. Festo alikaa karibu kumsaidia, bila kuombwa.

"Anza na Wajapani. Sema walikuwa mia."

"Hawakuwa mia."

"Nani atahesabu?"

Enoki hakuanza na Wajapani. Aliandika hivi:

*Esteria, kamwene. Mimi ni mzima. Kaka yako ameumia paja lakini anaongea, usiogope, anakuja nyumbani. Ulisema utamuuliza kitu kimoja. Nakujibu mimi kabla hujamuuliza. Nimegema. Huku kuna mianzi mingi na mvua ni kama yetu, na mikono yangu haikunisikiliza. Haikutoa kitu. Sikunywa. Sijui kama hiyo inahesabika, wewe ndiye wa kusema. Kama bado unataka nije Makambako na wazee wangu, niandikie neno moja tu, njoo. Kama hutaki, usijisumbue kuandika, nitaelewa.*

Akaikunja, akailamba gundi, akampa mwenye nyumbu aliyekuwa anaondoka na barua za platuni. Nyumbu wakateremka kwenye ukungu. Ndipo akamsomea Festo yote kwa kichwa, maana alikuwa ameiandika mara nyingi moyoni kabla ya kuishusha.

Festo akamshika mkono.

"Rudia pale mwisho," akasema.

"Kama hutaki, usijisumbue kuandika."

"Enoki! Wewe ni mzima? Sasa barua ikizama baharini je? Ikiliwa na panya Mombasa je? Akiandika njoo halafu ndege ikaanguka, si utadhani amekukataa? Ungesema aandike hata kama ni hapana!"

Enoki aliruka nje ya handaki, akakimbia mpaka mwisho wa kilima. Njia ilikuwa tupu, kwato tu matopeni, na maji yalikuwa yameanza kuzijaza.

Mvua zikaisha. Platuni ikashuka bonde lote, kilima kwa kilima, ikipoteza watu na kupata wapya, mpaka ikafika kwenye mto mkubwa, Chindwini. Barua zilikuwa zinaangushwa na ndege kwa miamvuli, pamoja na biskuti na nyama ya kopo, na Sila karani ndiye aliyekuwa anaita majina. Festo alipata barua ya mama yake, yote kuhusu mbuzi. Agustino alipata mbili kwa mpigo, akazisoma kwa sauti ili watu wasikie. Bwana Luteni alimletea Enoki utepe wa koplo, na Enoki akaushona mwenyewe mkononi, vizuri, mshono mdogo mdogo.

"Meli zinachelewa," Festo alikuwa anasema kila mara. "Hii vita, mtu wangu. Hata mfalme barua zake zinachelewa."

"Ndiyo," alikuwa anasema Enoki.

Siku walipopangwa kuvuka mto, mwamvuli ulianguka karibu kabisa na mashua. Watu wakajazana. Sila akaita, akaita, mikono ikanyooka, kelele, vicheko, mpaka uwanja ukabaki na mtu mmoja.

"Zimekwisha?" aliuliza Enoki.

"Zimekwisha, Koplo."

"Angalia chini."

Sila alikuwa kijana mwenye moyo mzuri. Akaugeuza mfuko ndani nje, akaushika kwa pembe zake mbili, akaukung'uta mchangani mbele ya Enoki, likatoka vumbi tu.